Songwe hadi Dar es Salaam: nipande ndege au basi?

Mkazi wa Uyole: Habari zenu, ndugu. Wiki ijayo ninampeleka mama Dar es Salaam. Naomba kujua umbali wa angani kutoka Uwanja wa Ndege wa Songwe, hapa Mbeya, hadi Uwanja wa Julius Nyerere, pamoja na muda halisi wa safari, ili nilinganishe na basi.

Mwanaramani: Kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 690, ilhali kwa barabara kupitia Makambako na Morogoro ni zaidi ya 800. Ndege ya jeti, Airbus A220, hutumia saa moja na dakika kadhaa, na ndege ya panga boi hukaribia saa moja na nusu au kuzidi. Hata hivyo, hujatueleza mama ana hali gani, ana mizigo kiasi gani, wala anatakiwa kufika lini.

Mama wa Njombe: Hizo ni dakika za angani tu. Kutoka Uyole ni lazima apite Mwanjelwa, Iwambi na Mbalizi nyuma ya malori ya Tunduma, kisha awahi ukaguzi mapema. Basi halina mlolongo huo, na gunia la mchele wa Kyela halimsumbui mtu.

Mwanaramani: Dada, basi lisilozidi kilomita 80 kwa saa haliwezi kufika chini ya saa kumi hata lisiposimama popote, na hapo hujahesabu mizani, mlima Kitonga wala foleni ya kuingia kituo cha mabasi cha Mbezi.

Kijana wa Mafiati: Tatizo la Songwe ni ukungu. Msimu wa mvua uliopita nilikuwa na tiketi ya asubuhi. Tuliisikia ndege ikizunguka juu yetu bila kuiona, mlio ukafifia, na baadaye tukaambiwa imerudi Dar es Salaam. Mhudumu alifunga dirisha lake bila kutupangia safari nyingine. Kina mama wenye watoto wachanga walikaa juu ya mabegi hadi jioni, ndipo tukaagizwa turudi kesho yake. Usaili niliokuwa nikiuwahi ulinipita, na nauli nilirudishiwa baada ya kufuatilia kwa muda mrefu.

Mkazi wa Uyole: Pole sana, ndugu yangu. Mama ana miaka 71, amefanyiwa upasuaji wa goti, na anatakiwa Muhimbili Jumanne saa tatu asubuhi.

Mwanaramani: Ungeanza na hilo! Safirini Jumatatu mchana, ukungu ukiwa umeshatawanyika.

Mama wa Njombe: Kwa goti hilo, mwombee kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi. Ila kurudi, akishapata nafuu, bado ninapendekeza basi.

Kijana wa Mafiati: Kiwanja cha ndege cha zamani cha Mbeya kilikuwa mjini kabisa, mgonjwa alifika kwa dakika chache.

Mwanaramani: Kilikuwa kifupi na kimezingirwa na milima na nyumba. A220 isingetua pale.

Kijana wa Mafiati: Ndege ndogo zilitua, na ndizo tulizozihitaji.

Mkazi wa Uyole: Je, ndege ya Jumatatu mchana ipo wiki ijayo, au ni ya asubuhi peke yake?