Naomba ushauri: upepo umeezua bati upande mmoja wa nyumba

Habari zenu ndugu, shikamooni wakubwa. Naomba msaada wa mafundi na waliowahi kupitia hili.

Nyumba ya mama ipo Sengerema, karibu na ziwa. Mvua ya upepo imeezua bati za upande mmoja pamoja na papi zake (mbao zinazopigiliwa bati). Kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zimebaki, ila moja imepasuka pale inapokalia ukuta. Bati ni geji 30, yaani zile nyembamba. Kwa sasa tumefunika kwa turubai, na umeme tumezima kwenye swichi kubwa kwa sababu maji yalifika hadi kwenye taa. Dari ya jipsamu imelowa na inaanza kushuka, lakini mama hataki kuhama. Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Fundi mmoja anasema tunyooshe bati zilezile tuzirudishe. Mwingine anataka tufumue paa lote, na fedha hiyo hatuna.

Je, kenchi iliyopasuka inaweza kupigiliwa mbao pembeni ikadumu, au lazima ibadilishwe? Na kwenye ukuta wa tofali za kuchoma usio na linta ya juu (mkanda wa zege juu ya ukuta), kenchi zinafungwaje ili upepo usizinyanyue tena?