Mada: Tiketi mbili za "The Pride", niende na mama?

Hamjambo wote. Kazini nimepewa tiketi mbili za tamthilia ya The Pride, ukumbi wa hapa Leeds. Nasikia ni ya wanaume wapendanao. Mama yuko kwangu kwa matembezi. Niende naye, au nimwache na tamthilia zake za Kituruki? Na Kiingereza cha jukwaani hunipita kasi.
Dada wa Leeds

---

Dada, nenda, ila ujue unachokwenda kuona. Mimi nilitoka nimeelewa nusu. Nilidhani wahusika Oliver, Philip na Sylvia wameruka miaka 50 bila kuota mvi! Kumbe majina ni yale yale na waigizaji ni wale wale, lakini maisha ni mengine: onyesho hili 1958, linalofuata 2008, hivyo hivyo hadi mwisho. Mwandishi Alexi Kaye Campbell aliitoa ukumbi wa Royal Court, London, 2008, kwa hiyo "leo" yake ilikuwa leo kweli.

Ya 1958 ndiyo nzito. Sylvia anamchorea Oliver vitabu vya watoto, naye ndiye anayemkutanisha na mumewe, Philip. Wanaume hao wawili wanapendana, na zama hizo ilikuwa jela. Kamati ya serikali, ya Wolfenden, ilishasema 1957 kwamba mambo ya faragha ya watu wazima yasiwe jinai, bunge likakaa nayo miaka 10. Hata sheria ya 1967 ilihusu England na Wales tu, tena waliotimiza miaka 21. Philip anaishia kwa daktari, anaelezwa tiba ya kutapishwa ili achukie anachokipenda. Daktari anaongea taratibu kabisa, kama anayekuandikia dawa ya mafua. Hapo nilishika kiti.

2008 hakuna wa kumkamata mtu, na wapenzi wa jinsia moja wanaandikishwa kisheria kuwa wenza tangu 2005. Bado Oliver hatulii: anakimbilia wanaume asiowajua mpaka Philip anamwacha. Matusi yako huku, na mapema tu anatokea mtu kavaa sare ya Kinazi kwa mchezo wa chumbani. Mwambie mama kabla.

Kuhusu Kiingereza, waulize wauza tiketi kama kuna siku maneno yanapita kwenye skrini. Yamewekwa kwa wasiosikia vizuri, nasi tunajisevia. Na msichelewe. Mimi niliwahi kukaa nje nusu saa na koti mkononi.
Kaka wa Croydon

---

Mama ni mtu mzima, muulize mwenyewe. Kitakachomgusa ni Sylvia, mke anayegundua. Ila usimwambie "tamthilia ya mashoga" ukaishia hapo. Shangazi yangu wa Mombasa alidhani ni ya wanawake wawili marafiki, akaja na dera jipya.
Mama Watatu, Reading

---

Asanteni. Nimemweleza yote, Mnazi na daktari pia. Kauliza kama kuna mapumziko katikati, na choo kiko ghorofa ya ngapi. Tunakwenda Alhamisi.
Dada wa Leeds