Saini yangu imekataliwa, naombeni msaada

Mama Neema: Ndugu zangu, habari za jioni. N-400, ile fomu ya kuomba uraia wa Marekani, ilipita, nikala kiapo, nikajaza fomu ya kupiga kura palepale ukumbini. Leo nimepokea barua: saini ya fomu hiyo haifanani na ya DL, yaani leseni ya udereva. Ni kweli, siku ya DL nilikuwa na mtoto mgongoni analia, nikaandika jina herufi mojamoja kama darasa la pili. Je, nijaze fomu mpya au niende na pasipoti?

Baba Zawadi: Pole dada. Mimi SSN, namba ya hifadhi ya jamii, ilitoka jina la babu limekuja mbele, nikazungushwa miezi saba. Saini nchi hii si mchezo. Obama aliingia Kongresi 1996 kwa saini hizohizo.

Mwanasheria Mstaafu: Kongresi gani, Baba Zawadi? Ilikuwa Seneti ya jimbo la Illinois, kule Springfield. Mwenye kiti hicho, Alice Palmer, alikuwa amemuunga mkono Obama akirithi, mwenyewe akaenda kugombea Kongresi. Akashindwa na Jesse Jackson Mdogo, akarudi anakitaka kiti chake. Ili jina liingie kwenye karatasi ya kura zilihitajika saini 757 za wapiga kura, alileta zaidi ya 1,500. Watu wa Obama wakazipitia moja moja, nyingi zikaanguka, nyingine kwa sababu mtu kaandika jina kwa herufi za chapa badala ya kusaini. Kama Mama Neema! Wapinzani wote wanne wakatoka kwenye karatasi ya kura.

Nyakio: Na 1992 si ndiye alikuwa anazunguka Chicago kuandikisha wapiga kura? Leo unawaandikisha, kesho unafuta sahihi zao.

Mwanasheria Mstaafu: Sheria ni sheria. Saini mbovu ni mbovu.

Nyakio: Wakili utamjua tu.

Baba Zawadi: Haya, Springfield. Lakini 2000 ujanja uligonga mwamba. Alimfuata Bobby Rush kugombea kiti chake cha Kongresi, akabwagwa kura karibu mara mbili. Wapiga kura waliona ni msomi wa Harvard, mwalimu wa sheria, hajui mtaa. Miaka minne baadaye huyo yuko Seneti ya Washington na asilimia 70.

Mama Neema: Asanteni jamani. Sasa, fomu mpya au pasipoti?

Nyakio: Mama, subiri kidogo. Mnakumbuka Novemba 6, 2008? Obama alikuwa ameshinda urais, Kibaki akatupatia sikukuu. Nilikuwa bado Kisumu, mama akachinja jogoo aliyekuwa amewekewa Krismasi, uani moshi mtupu, redio imefunguliwa mpaka mwisho. Krismasi tulikula sukuma. Hapa nanunua kuku wa plastiki, hata mfupa haulii.

Baba Zawadi: Hata bia ya Senator huko kwenu si mliiita Obama?

Nyakio: Kwetu ukiagiza Obama moja, unaletewa kikombe. Baridi kabisa.