Je, matibabu yanaweza kuwa haki ilhali rasilimali hazitoshi?

Mwanafunzi wa Sheria:
Ndugu zangu, nina swali linalonisumbua tangu nianze kusoma mikataba ya haki za binadamu. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyotiwa saini mwaka 1946, inatamka kwamba kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana ni haki ya msingi ya kila binadamu, pasipo kujali rangi yake, dini yake, msimamo wake wa kisiasa wala hali yake ya kiuchumi au kijamii. Haki ya kutoteswa naielewa, kwa kuwa serikali inatakiwa kujizuia tu. Matibabu, kwa upande mwingine, yanahitaji daktari, dawa, kitanda na fedha, na hakuna nchi yenye vyote hivyo vya kuwatosha watu wote wakati wote. Haki isiyoweza kutimizwa kwa kila mwenye nayo ni haki kweli, au ni tamanio lililoandikwa kwa lugha ya sheria?

Wakili Mkongwe:
Ndugu yangu, hata haki ya kutoteswa ina gharama, kwa sababu inahitaji polisi waliofunzwa, magereza yanayokaguliwa na mahakama zinazofanya kazi, ila gharama hizo tumezizoea kiasi kwamba hatuzihesabu tena. Kuhusu uhaba, Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa mwaka 1966 haukuufumbia macho: unaitaka serikali itimize haki hizi hatua kwa hatua, kwa kutumia rasilimali zake zote zilizopo. Jambo lisiloruhusiwa kungoja ni kukomesha ubaguzi, kwani wajibu huo unaanza mara moja.

Tazama kesi mbili za Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini. Mwaka 1997, Bwana Soobramoney, aliyekuwa na figo zilizoshindwa kufanya kazi, aliomba asafishwe damu katika hospitali ya umma, akashindwa, kwa sababu mashine zilikuwa chache na vigezo vya kuwachagua wagonjwa vilitumika kwa haki na kwa nia njema. Hukumu hiyo inaumiza kuisoma, nami sijawahi kuizoea. Mwaka 2002, mahakama hiyohiyo iliiamuru serikali iondoe vizuizi vya kutoa nevirapine, dawa ya kuzuia mama kumwambukiza mtoto virusi vya UKIMWI, ambayo ilikuwa ikitolewa katika vituo vichache tu vya umma ilhali mtengenezaji alikuwa amejitolea kuitoa bure kwa muda. Katika kesi zote mbili mahakama iliuliza kama serikali ingeweza kuueleza uamuzi wake kwa sababu za msingi mbele ya yule aliyenyimwa. Tamanio halimpi mtu nafasi ya kudai maelezo hayo, haki humpa.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku:
Namshukuru Wakili, ila, kwa kuwa ametaja ubaguzi, ningependa tuangalie pia maana ya kuwahudumia watu "sawa". Katika wodi ya dharura hatuwahudumii watu kwa kufuata aliyetangulia kufika, bali tunaanza na yule ambaye kuchelewa kutamuua, na sijawahi kuona mgonjwa mwenye jeraha dogo akidai kwamba ameonewa baada ya kuelezwa sababu. Uhaba tunao kila usiku, lakini haujawahi kutufanya tuseme kwamba baadhi ya wagonjwa hawana haki.

Ninaowaona wakionewa kweli ni wale wanaofika wakiwa wamechelewa kwa kuogopa malipo. Ada inayofanana kwa wote inaonekana kuwa ya usawa kwenye karatasi, lakini kwa mmoja ni fedha ya mfukoni na kwa mwingine ni chakula cha wanawe. Nimemhudumia pia kiziwi asiye na mkalimani wa lugha ya alama, akatia saini ya ridhaa kwa upasuaji ambao hakuna aliyemweleza. Mlango ulikuwa wazi kwake, dawa zilikuwepo, na bado hakuipata huduma aliyoipata mgonjwa wa kitanda cha pili. Jambo hilo linanikera hadi leo.

Mwanafunzi wa Sheria:
Asanteni sana. Naona nililichanganya suala la kutosheleza na suala la kugawa. Linalobaki kwangu ni hili: mwenye fedha akijilipia matibabu katika hospitali binafsi, je, anavunja haki ya mwingine?

Wakili Mkongwe:
Yeye havunji haki ya mtu. Lakini Maoni ya Jumla Na. 14 ya mwaka 2000, yaliyotolewa na kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule mkataba wa 1966 ili kufafanua haki ya afya iliyomo, yanaitaka serikali ihakikishe kwamba ubinafsishaji hautishii kuwepo kwa huduma, kufikika kwake, kukubalika kwake wala ubora wake. Kwa hiyo usimchunguze mgonjwa huyo. Chunguza madaktari na wauguzi wanakwenda wapi hospitali binafsi inapofunguliwa, na ni nani aliyewasomesha.