Mafundi wa ndege ndogo, acheni kukagua throtali mkiwa mmekaa kwenye kiti!

Wakuu, hili limenichosha, na leo naliweka wazi. Ndege inatoka kwenye ukaguzi wa kila saa 100 za kuruka, karatasi zimesainiwa, imeandikwa "throtali iko sawa", yaani kidhibiti cha nguvu za injini. Ukifungua kava ya injini unakuta mwisho wa kebo unacheza kwenye mkono wa kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na mafuta) kama jino la mtoto. Sasa kilikaguliwa nini? Mtu amekaa kwenye kiti, amesukuma kirungu cha throtali mbele, amekivuta nyuma, amesaini. Huo si ukaguzi!

Throtali ya Cessna 172 ni waya unaotembea ndani ya ala. Mara nyingi hauharibikii kwenye dashibodi, unaharibikia upande wa injini, kwenye joto na mtetemo. Beringi iliyo kwenye jicho la kebo inalika hadi gololi yake inachomoka. Ndiyo maana panatakiwa washa (kibati cha duara chenye tundu) pana kuliko hilo jicho, ili hata gololi ikichomoka kebo isidondoke. Washa hiyo inaachwaje? Na spliti pini (pini ya kuzuia nati isifunguke) iliyokwishatumika inanyooshwaje na kurudishwa, wakati mpya ni ya bei ndogo kabisa? Halafu kuna klampu inayoshika ala: ikilegea, ala ndiyo inayotembea badala ya waya, na bamba la hewa ndani ya kabureta halifunguki lote.

Hapo ndipo uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, unapoficha uzembe huu. Uwanja uko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza pale kama asilimia 15 hadi 20 ya nguvu zake. Ndege ikipanda kwa kujivuta, rubani analaumu mwinuko na jua la saa nane, kumbe kebo haifiki mwisho. Tena baadhi ya kabureta huongeza mafuta ya kupoza silinda pale tu throtali inapofunguka yote. Isipofika, silinda zinachemka wakati wa kuruka, na mwenye ndege anakuja kulipia silinda.

Kupima si kazi ya siku nzima. Watu wawili, injini imezimwa, swichi za magneto (zinazotoa cheche za plagi) zimezimwa, hakuna mtu karibu na propela. Mmoja anasukuma kirungu hadi mwisho, mwingine anatazama mkono wa kabureta: lazima ugonge kizuizi chake kabla kirungu hakijagonga dashibodi, na ibaki nafasi ya kama milimita 3. Kisha vuteni nyuma, mtazame kizuizi cha upande wa pili. Kebo ikiwa nzito, ichomoe kwenye kabureta uisukume peke yake, ndipo utajua uzito uko kwenye kebo au kwenye kabureta. Msikimbilie grisi! Vumbi la viwanja vya murramu likishikana na grisi linakuwa msasa ndani ya ala. Kebo inayokwaruza hubadilishwa.

Wenye ndege za injini ya Rotax 912 nao wasikilize. Springi za kabureta zake huvuta kuelekea nguvu kamili, kwa hiyo kikazio kinachoishikilia throtali kikilegea, throtali inajisogeza mbele yenyewe. Kabureta ni mbili, kebo mbili. Ikikatika moja, upande mmoja unakwenda nguvu kamili, mwingine unabaki ulipo, na injini inatetemeka vibaya sana. Kwenye Cessna, throtali ikikwama wazi unafika juu ya uwanja, unahakikisha utaifikia njia ya kutua, ndipo unavuta kirungu chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa, kinachokata mafuta. Rotax hii haina kirungu hicho. Kuizima ni kwa swichi za cheche za plagi. Halafu mtu anakodishwa ndege bila kuelezwa jambo hili!

Kuhusu ubishi wa throtali ipi ni bora, kirungu cha kusukuma, mikono kama ya ndege za Piper au kirungu cha kuzungusha: mimi nachagua mikono. Cha kuzungusha kinafaa kwa mchanganyiko na propela. Kwenye throtali hapana, maana ukighairi kutua lazima kwanza kidole kibonyeze kitufe cha katikati ndipo usukume. Lakini yote matatu yanaishia kwenye jicho lile lile la kebo.

Wenye karakana, andikeni kwenye kitabu cha ndege nafasi mliyopima kwa milimita, na kwamba pini ni mpya. Wenye ndege, ukikuta imeandikwa "iko sawa" tupu, usilipe. Waambie wafungue kava mbele yako.