Mjadala: Je, miaka mitatu ya kwanza ndiyo huamua maisha yote ya mtu?

Mleta mada:
Wadau, kuna hoja inayopata nguvu kila bajeti inapojadiliwa: kwamba ubongo wa binadamu hujengwa ndani ya miaka mitatu ya kwanza, na fedha ya umma inayotumika baada ya hapo ni sawa na kumwaga maji mchangani. Nusu ya hoja hiyo naikubali kwa moyo wote. Nusu ya pili naipinga.

Ni kweli yapo mambo ambayo wakati wake ukipita haurudi. Kichanga aliyezaliwa na mtoto wa jicho mzito asipofanyiwa upasuaji mapema, katika wiki za mwanzo, hata jicho likija kusafishwa baadaye hataona sawasawa, maana ubongo haukupata picha za kujifunzia. Romania nayo ilitoa funzo chungu. Dikteta wa nchi hiyo, Ceaușescu, alipoangushwa Desemba 1989, maelfu ya watoto walikutwa kwenye vituo vya serikali, vitanda vimepangwa safu kwa safu, hakuna wa kuwabeba wala kuwaongelesha. Mwaka 2000 watafiti walianza kuwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest, mji mkuu, na nusu yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wakapelekwa kwa familia za kuwalea. Waliopata familia kabla ya kufikisha miaka miwili hivi ndio walionufaika zaidi, hasa katika kushikamana na mlezi.

Sasa tazameni kisiwa cha Kauai, Hawaii. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto waliozaliwa huko mwaka 1955, jumla yao 698, hadi utu uzima. Kati ya waliokulia kwenye umaskini, ugomvi wa nyumbani na wazazi walevi au wagonjwa wa akili, theluthi moja hivi walikua vizuri tu, na mara nyingi palikuwa na mtu mzima aliyewashika mkono: bibi, shangazi, mwalimu, jirani. Lakini kinachonigusa zaidi ni wale waliovurugikiwa ujanani, wenye kesi polisi, mimba za mapema na maradhi ya akili. Walipoingia miaka ya thelathini na arobaini, wengi wao walikuwa wametengemaa. Wako waliorudi kusoma, waliojiunga na jeshi, waliopata mwenzi mtulivu, walioshika dini. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotokea kabla ya mtu kutimiza miaka mitatu.

Mchangiaji wa kwanza:
Samaki mkunje angali mbichi, ndugu yangu. Hakuna anayesema vijana watupwe, ila fedha haitoshi. James Heckman, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2000, ameonyesha kuwa kinachowekezwa mapema ndicho chenye faida kubwa. Chukua mradi wa Perry kule Michigan, Marekani, miaka ya 1960: watoto 123 wa familia maskini, nusu hivi wakapata shule ya awali na mwalimu wa kuwatembelea nyumbani. Walipofika miaka 40, waliosoma pale walikuwa na kipato kizuri zaidi na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache kuliko wenzao. Unataka ushahidi gani zaidi?

Mleta mada:
Ushahidi mzuri, kaka, ila unasimama upande wangu. Watoto wa Perry waliingia shule ile wakiwa na miaka mitatu na minne, yaani pale pale ambapo wenye hoja wanasema kazi imekwisha. Tena alama zao za majaribio ya akili zilipanda, na baada ya miaka michache zikalingana na za wenzao. Tofauti iliyodumu ilionekana kazini na mitaani. Nguvu yake haikuwa kwenye kuwahi tu.

Mchangiaji wa pili:
Naomba kuuliza kama mama. Nilipata sonona baada ya kujifungua, na kwa miezi mingi mwanangu alikuwa ananiangalia tu, mimi sina nguvu ya kumjibu. Sasa amekua. Kila nikisoma habari hizi za miaka mitatu najiona nimemharibu.

Mleta mada:
Pole sana, dada. Sonona ni ugonjwa, hukumtendea mwanao ubaya. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick aliwaomba kina mama wacheze na vichanga vyao, halafu ghafla wakaushe uso kwa dakika chache. Mtoto hutabasamu, hunyoosha mikono, hupiga kelele, mwisho hugeuza uso na kulia. Wengi wakisimulia jaribio hili huishia hapo. Bado kuna sehemu ya tatu: mama anarudi kucheza, na mtoto, baada ya kununa kidogo, naye anarudi. Tronick alikuja kuonyesha kuwa hata mama na mtoto wenye afya njema hupishana sehemu kubwa ya muda. Kinachomjenga mtoto ni kule kurudiana. Miezi mingi ya ugonjwa ni mizito kuliko dakika chache, sikatai, ila mlango wa kurudiana haufungwi siku anapotimiza miaka mitatu. Ukiona anapata shida shuleni au usingizini, tafuteni msaada pamoja. Hamjachelewa.

Mchangiaji wa kwanza:
Dada, na mimi nakupa pole, sikukusudia kukuumiza. Kuhusu Perry nakubali, umri wao sikuuzingatia. Lakini mleta mada bado hujajibu suala la fedha. Ukigawa kwa kila rika, kila rika linapata kiduchu, na kichanga hana sauti ya kudai wala kura ya kupiga. Mimi bado nasema wajawazito na vichanga watengewe kwanza, kinachobaki ndicho kigawanywe. Kama unapinga, tuambie ni fungu gani lipunguzwe.