Kifusi cha majengo kwa barabara za vijijini

Swali
Ndugu zangu, je, kifusi cha zege na matofali kutoka majengo yaliyobomolewa kinaweza kutumika kujenga tabaka la msingi la barabara ya kijijini badala ya kokoto za machimboni, au kitadidimia mvua zikianza?

Jibu la 1
Zege lililosagwa linafaa, mradi nondo, mbao, plastiki na hasa jasi ziondolewe kwanza, kwa kuwa jasi ikikutana na maji na mabaki ya saruji inaweza kuzalisha chumvi zinazovimba na kuinua uso wa barabara. Matofali ya kuchoma ni dhaifu zaidi.

Jibu la 2
Naongeza suala la maji, ambalo mafundi wengi hulipuuza. Kipande cha zege la zamani hubaki na saruji yenye vinyweleo, hivyo hufyonza maji mengi kuliko kokoto ya kawaida, na usipokilowesha kabla ya kushindilia, tabaka hukauka mapema na halishikamani vizuri. Hata hivyo, chembe za saruji ambazo hazikupata maji hapo awali huweza kuganda sasa, na tabaka likazidi kuwa imara kadiri miezi inavyopita. Pimeni CBR (kipimo cha uwezo wa tabaka kubeba mzigo) ya sampuli iliyoloweshwa kwa siku 4 kabla ya kuamua unene.

Jibu la 3
Vigae vya asbesto visisagwe kamwe, kwani nyuzi zake husababisha saratani. Tena kifusi kikisafirishwa mbali, nafuu yote huishia kwenye dizeli.